Boksi la herufi za sumaku haliwezi kuandika "mama"

Nunua boksi moja la herufi za sumaku, zile za plastiki za rangirangi zinazouzwa Kariakoo na kwenye maduka mengi ya vifaa vya shule, kisha kaa chini ujaribu kuandika maneno anayoyasema mtoto wako kutwa nzima. Mama? Huwezi. M iko moja na a iko moja. Baba, dada, kaka, bibi, babu: yote yanagoma. Kuku, embe, ndizi na taa vilevile. Kinachoandikika ni chai, uji, maji, meza, simu na nyumba. Yaani nyumba ipo, wenye nyumba hawamo.

Si kosa la kiwanda. Boksi hilo lilibuniwa kwa ajili ya mtoto anayejifunza Kiingereza: herufi 26, kila moja mara moja, zibandikwe kwenye friji na kutajwa majina moja baada ya nyingine. Kiswahili kinadai kitu kingine. Q na x hatuna kazi nazo, c haitembei bila h, na karibu kila silabi yetu inaishia na irabu, kwa hiyo irabu zinakwisha kabla hujaanza. Sentensi ndogo tu kama "Mama anapika wali" inataka a sita.

Kazi yangu ni kufundisha walimu wa elimu ya awali, na wazazi wakijua hivyo huniuliza, "Mwalimu, ninunue boksi lipi?" Huwajibu: lolote lililo salama (suala la usalama nitalifikia), ila nunua matatu ya aina moja, au usinunue kabisa. Boksi moja ni mapambo ya friji. Matatu ni kifaa cha kusomea.

Na kama fedha haitoshi, huhitaji sumaku hata kidogo. Kusanya vifuniko vya plastiki vya chupa za maji na soda, chukua kalamu ya wino usiofutika, andika. Vile vya bluu vya maji vifanye irabu, vya rangi nyingine vifanye konsonanti. Kwa wiki mbili tatu mtaa mmoja utakupa a nyingi kuliko utakazoweza kutumia.

Mpango huo wa rangi si wangu. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo mwaka 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, alikuwa na sanduku la herufi za kuhamishwahamishwa, irabu rangi moja na konsonanti rangi nyingine, na kila herufi ikiwa na nakala kadhaa. Kiitaliano kinafanana nasi hapo: maneno yake mengi huishia na irabu, na herufi nyingi husomwa jinsi zilivyoandikwa. Alichokiona ni kwamba mtoto wa miaka minne anaweza kupanga neno zima kabla vidole vyake havijaweza kushika penseli sawasawa. Ndiyo faida kubwa ya herufi za kushika, ziwe na sumaku au zisiwe nayo. Kuandika kunatenganishwa na mateso ya mkono.

Nimekomaa na hili la rangi kwa sababu moja. Marekani kulikuwa na seti maarufu ya herufi za sumaku ya kampuni ya Fisher-Price, iliyouzwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi 1990. A ilikuwa nyekundu. Sasa, kuna watu wachache ambao kila herufi wanaiona na rangi yake akilini, hata ikiwa imechapwa kwa wino mweusi. Hali hiyo huitwa sinesthesia. Mwaka 2013 watafiti Nathan Witthoft na Jonathan Winawer wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza habari za watu 11 wa aina hiyo ambao rangi zao zilifuata seti ileile ya utotoni. Mwaka 2015, wakiwa pamoja na David Eagleman, walipitia majibu ya watu 6,588 wenye sinesthesia: zaidi ya asilimia 6 walikuwa na rangi za seti hiyo, na kwa waliozaliwa katika miaka kumi ya kwanza baada ya seti kuanza kutengenezwa, ikakaribia asilimia 15 katika baadhi ya vipindi vya miaka mitano. Mchezo wa friji, miaka thelathini baadaye bado umo kichwani!

Mtoto wako huenda asiwe na sinesthesia, lakini jambo dogo la namna hiyo nakutana nalo kila mara. Mtoto anaitambua m bila kukosea, mzazi anafurahi, kumbe anachotambua ni "ile ya kijani". Mpe m ya njano, kimya. Ndiyo maana napenda irabu zote ziwe rangi moja na konsonanti zote rangi nyingine: rangi inamwambia mtoto jambo la kweli kuhusu herufi, lakini haimtajii jibu. Ukiwa na maboksi ya dukani, changanya tu seti zote tatu ili m zije kwa rangi tofauti.

Nunua herufi ndogo. Mengi ya maboksi sokoni ni herufi kubwa tupu, nadhani kwa sababu zinapendeza machoni. Lakini karibu kila kitu atakachokisoma mtoto kimejaa herufi ndogo. Kubwa atahitaji moja tu kwanza, ile inayoanza jina lake, na hiyo ataidai mwenyewe.

Halafu suala la sauti. Watoto wengi mijini wako kwenye chekechea za Kiingereza, ambako a ni "ei", e ni "ii" na i ni "ai". Akirudi nyumbani akaona i, sisi tunataka aseme "i", sauti ambayo shuleni ni jina la e. Mtoto hachanganyikiwi kwa uzito wa akili; anachanganyikiwa kwa sababu watu wazima wawili wanamwambia vitu viwili. Nyumbani achana na majina. Ukiishika m, sema "mmm" na ufunge midomo. Ukiishika s, sema "sss". Mambo ya "em" na "es" yabaki shuleni na Kiingereza chao.

Anza na a, i na u, kisha m, k, t, b na p. Kwa herufi hizo nane tu una maneno chungu nzima. Kazi yenyewe inakuwa hivi. Unaweka m kwenye sinia, unaiacha palepale. Kulia kwake unaweka a: ma. Unaitoa a, unaweka i: mi. Unaitoa i, unaweka u: mu. M haijasogea. Ukiandika kwenye karatasi lazima ufute au uandike upya, na mtoto anaona neno jipya kabisa. Hapa anaona kwa macho kwamba kipande kimoja kimebaki na kingine kimebadilika. Nilikuwa nimekaa mkekani na binti mmoja wa miaka minne na ushee, mbele yake kuna "paka". Akaing'oa p, akaweka t. Akatazama, midomo ikicheza, akasoma "taka", akaguna. Akaweka b: "baka". Akaniuliza baka ni nini. Nikamwambia ni doa. Akaweka m: "maka", akacheka mpaka akalala chali, kwa kuwa kwake maka ni jina lisilokuwa na mwenyewe. Hakuna aliyemwambia abadilishe herufi ya kwanza. Herufi inayong'oka inaomba kung'olewa.

Baadaye zije zile zinazotembea mbili mbili. Chukua c na h, zigandishe pamoja kwa selotepu upande wa mbele, na usizitenganishe tena: ch. Fanya hivyo kwa sh, ny, th, dh na gh. Kwa ng' utakosa ritifaa, kile kialama cha juu kinachofuata g. Kata kipande kutoka zile kalenda ndogo za sumaku zinazogawiwa na makampuni mwisho wa mwaka, ukigandishe kwenye n na g zako, juu upande wa kulia wa g. Kipande kikiwa peke yake ni kidogo mno kuachwa karibu na mtoto. Maneno kama mtoto na mbwa yapigieni makofi kwanza kabla ya kuyapanga: m-to-to, makofi matatu, m-bwa, mawili, mbu-zi, mawili pia. Mtoto akihisi kwamba m ya "mtoto" ina kofi lake mwenyewe, hataandika "mutoto".

B na d zitamsumbua, usiogope. Kikombe ukikigeuza mkono kulia au kushoto kinabaki kikombe, na macho ya mtoto yamejifunza hivyo tangu azaliwe. Herufi ndizo zinazovunja sheria hiyo. Hapa sumaku ina msaada ambao wauzaji hawautangazi: imebandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo b haiwezi kupinduliwa kifudifudi ikawa d, itateleza na kuanguka. Inaweza kuzungushwa tu, na b ikizungushwa inakuwa q. (Ndiyo kazi pekee niliyoipatia q: nikipungukiwa b, naizungusha. Lakini nafanya hivyo mtoto akiwa haangalii.) N na u, m na w, 6 na 9 nazo zina tabia hiyo, basi weka alama ndogo ya kalamu upande wa chini wa kila moja.

Zibandikwe wapi? Watu wanafikiri friji. Friji ina kasoro: mtoto anasimama, mkono juu, na milango mingi ya kisasa haishiki sumaku. Afadhali kitu cha kuweka mkekani. Sufuria na masinia ya alumini hayashiki hata kidogo, na ya stenlesi mengine hushika, mengine hayashiki. Nenda dukani na herufi moja mfukoni ujaribu. Sinia la enameli linashika vizuri, kopo kubwa la maziwa ya unga pia, na fundi bati atakukatia kipande cha bati na kukunja kingo zake zisikate. Mimi naona bati la fundi ndilo bora kuliko yote. Unachora mstari mmoja wa kalamu katikati, na herufi zina pa kukaa.

Sasa usalama, na hapa sitanii. Sumaku moja ikimezwa mara nyingi hutoka yenyewe. Mbili, au moja pamoja na kipande cha chuma, ni habari nyingine: zinaweza kuvutana zikiwa katika mikunjo miwili tofauti ya utumbo, zikabana kuta katikati, damu ikakatika, utumbo ukatoboka. Dalili za mwanzo ni kutapika na maumivu ya tumbo, yaani zinafanana na tumbo la kawaida. Hata ukishuku tu, usisubiri choo. Nenda hospitali yenye eksirei na useme wazi: "amemeza sumaku". Mwaka 2007 kampuni ya Mattel iliondoa sokoni mamilioni ya vitu vya kuchezea duniani kwa kuwa sumaku ndogo zilikuwa zikichomoka.

Kwa hiyo geuza herufi nyuma kabla ya kulipa. Ukiona kiduara cha sumaku kimegundishwa kwenye tundu, kibonyeze kwa ncha ya ufunguo. Kikicheza, rudisha. Nzuri ni ambayo sumaku imefungiwa ndani ya plastiki kabisa, au mgongo wote ni bamba jembamba la sumaku. Za sponji epuka kama mtoto bado anang'ata vitu. Kuhusu ukubwa, viwango vya kimataifa hutumia kichupa cha kupimia chenye kipenyo cha milimita 31.7: kitu kikizama chote humo, si cha mtoto wa chini ya miaka mitatu. Vifuniko vya chupa nilivyovisifu juu huko navyo vinazama, basi navyo ni vya waliovuka umri huo.

Wa mwaka mmoja na nusu hadi mitatu mpe herufi za umbo kubwa, za kujaza mkono, ukiwa naye, abandike na kubandua. Basi. Usimwulize "hii nini?" kila dakika. Kubandua kunafundisha vidole, na vidole ndivyo vitakavyoshika penseli.

Namba zina shida yake. Boksi lenye namba lina 0 hadi 9, kila moja mara moja, na mtoto wa Kiswahili anayesikia "kumi na moja" ana haki ya kuandika 101: kumi, halafu moja. Weka 10 kwenye bati, halafu chukua 1 ya pili uibandike juu ya ile 0, isiwe pembeni. Anaona sifuri imefunikwa, na kumi bado ipo chini yake. Fanya 12, 13, 14 kwa namna hiyohiyo, na kila mara panga visoda vya bati chini ya namba, kumi kwenye mstari mmoja na vinavyobaki kwenye mstari wa pili. Visoda hivyo vinashika sumaku ya herufi, hivyo mkimaliza mwachie mtoto avizoe kutoka mkekani kwa 7 yake. Kisha mvihesabu vyote kabla ya kufunga kopo.