Mnyumbuko wa wano si uti wa mgongo wa mshale

Juzi nimetumiwa tena tangazo la mishale ya kuwindia, la Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, na katikati yake pameandikwa kwamba mishale hiyo ina "uti wa mgongo 400". Hii ni mara ya nne au ya tano. Mshale hauna mgongo, seuze uti wake.

Kinachosemwa pale ni mnyumbuko wa wano, yaani kiasi ambacho wano hupinda likitwishwa uzito. Wano ndio ule mti wa mshale wenyewe, uwe wa mbao, alumini au kaboni, ukiondoa kigumba cha mbele na manyoya ya nyuma. Maana ni hiyo tu. Tabu iko kwenye jina.

Waingereza huliita jambo hili spaini, neno lililotoka kwenye Kilatini, spina. Huko lilikuwa na maana ya mwiba, na pia uti wa mgongo. Mashine ya kutafsiri ilipokutana nalo ikachukua maana ya hospitalini, na mwenye duka akabandika alivyopewa. Nasi tuna kitenzi chetu cha siku zote. Ufito hunyumbuka, mchi wa kinu haunyumbuki. Ndicho kitenzi kilichotutoa jasho shuleni kwenye mnyumbuliko wa vitenzi: piga, pigia, pigana, pigwa. Sioni kwa nini kishindwe kufanya kazi kwenye mshale.

Wapo wanaoukwepa uti wa mgongo wakasema "ugumu wa mshale", na hao ndio wanaonikera zaidi, maana kosa lao lina gharama. Kwanza, ugumu si kinyume cha kunyumbuka: kuna mawano ambayo huyavunji hata ukiyakanyaga, na bado yanapinda kama ufito wa mtego. Pili, mtu akisikia "ugumu 500" na "ugumu 340" atachukua 500, akiamini amenunua kilicho imara. Kumbe ametwaa kilicho laini.

Tazama namba hiyo inavyopatikana. Wano la inchi 29 hulazwa juu ya vihimili viwili vilivyoachana inchi 28, kisha katikati hutundikwa uzito wa ratili 1.94, kama gramu 880 hivi. Linaposhuka ndipo hupimwa. Likishuka inchi 0.400, karibu milimita 10, huandikwa 400. Likishuka inchi 0.500 ni 500. Namba inahesabu kupinda. Ikikua, wano limelegea.

Sitawalaumu sana wanaochanganya, kwa sababu mishale imewahi kuandikwa kwa namna zisizopatana. Mawano ya mbao hadi leo hupangwa kwa ratili za upinde, yaani nguvu inayotakiwa kuuvuta: hupimwa kwa uzito wa ratili 2 kwenye nafasi ya inchi 26, kisha 26 hugawanywa kwa inchi lilizoshuka. Likishuka inchi 0.52, jibu ni 50, wano la upinde wa ratili 50. Hapo namba ikipanda, wano limekaza. Mawano ya alumini nayo yana tarakimu nne, mathalani 2117, na hizo hazisemi mnyumbuko hata kidogo: 21 ni unene wa wano kwa sehemu za 64 za inchi, na 17 ni unene wa ukuta wake kwa sehemu za elfu za inchi. Mzee aliyezoea mbao akihamia kaboni bila kuambiwa lolote, lazima atanunua kinyume.

Sasa, kigumba kinahusikaje? Upote, ile kamba ya upinde, ukiachiwa husukuma mshale kutoka nyuma, na uzito wa kigumba mbele unasita kuondoka. Wano likiwa katikati ya wawili hao hujikunja, kisha huenda likicheza huku na huku kama samaki. Kwenye upinde wa kienyeji mchezo huo ndio unaouwezesha mshale kuuzunguka mpini wa upinde na bado kufika ulikolengwa. Clarence Hickman, mwanafizikia wa Marekani, aliuonyesha wazi kwa kamera za kasi katika miaka ya 1930. Mshale unaofaa hutulia upesi. Usiofaa huenda mkia ukiwa upande, na ncha nyembamba ya mazoezi inaweza kukusitiri usijue. Kigumba kipana hakisitiri mtu. Makali yake hukamata upepo kama mabawa, yakaanza kuugeuza mshale kutoka mbele, na manyoya ya nyuma yakabaki yanashindana nayo.

Ndugu yangu mmoja aliye Minnesota, ambako kulungu huwindwa kwa upinde kila msimu wa vuli, alikuwa na upinde wa ratili 60 na mishale 400. Ilimfaa kabisa kwa ncha za greni 100, yaani gramu 6.5. Akafunga vigumba vya greni 125, na mishale ikaanza kutawanyika. Akanipigia akiapa kwamba vigumba ni vibovu. Nikamwambia asimamishe mshale kwa ncha juu ya ubao, auzungushe kwa vidole, atazame pale kigumba kinapokutana na wano. Pakitetemeka, kigumba kimekaa upande. Hapakutetemeka. Vigumba vilikuwa vizima. Uzito ulioongezeka mbele ulilifanya wano linyumbuke zaidi linaporuka, ingawa 400 iliyochapwa ubavuni haikubadilika. Namba ile hupimwa wano limelala. Likiruka linafuata nguvu ya upinde, urefu wake (ukilikata hukaza) na uzito wa mbele. Alihamia 340, na kelele zikaisha.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hawana namba yoyote kati ya hizi. Hukata tawi, hulimenya, hulinyoosha kwa meno huku wakilitazama kwa urefu wake, na mshale wa chembe cha chuma chenye sumu hawauchanganyi na ule wa ncha ya mti wa kupigia ndege. (Chembe na kigumba hapa ni kitu kimoja, tusigombane.) Wasomaji wa Kenya najua mtaishia kwenye shabaha za majani, kwa kuwa uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku huko mwaka 1977, lakini wano la shabaha nalo hunyumbuka.

Basi, ndugu mwenye tangazo, andika "mnyumbuko 400", au ukiona ni geni andika "spaini 400", wanaojua watakuelewa. Uti wa mgongo waachie madaktari. Nawe mnunuzi, ukiulizwa dukani unataka upi, usijibu "mgumu". Taja ratili za upinde wako, urefu wa wano na uzito wa kigumba utakachofunga, kisha muulize muuzaji namba yake inapanda ikikaza au ikilegea.