Ualimu wa elimu maalumu: moyo peke yake hautoshi

Kijana akisema nyumbani kwamba anaomba nafasi Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu kilichopo Arumeru mkoani Arusha, mara nyingi huambiwa, "Una moyo kweli!" Anayesema hivyo anamsifu. Lakini sifa hiyo imebeba dhana inayowaumiza watoto wenye ulemavu: kwamba kazi hii inataka huruma, ufundi si lazima.

Huruma isiyo na ufundi humfanya mwalimu amfanyie mtoto kila kitu. Chukua mtoto mwenye ulemavu wa akili anayejifunza kufunga vifungo vya shati. Mwenye huruma tu atamfungia vyote, basi. Aliyesomea ataigawa kazi hiyo vipande: kushika kifungo, kutafuta tundu, kukipenyeza nusu, kuhamishia vidole upande wa pili, kukivuta. Kisha mara nyingi huanzia mwisho. Mwalimu hufanya hatua zote za mwanzo, mtoto anaachiwa ile ya kukivuta kifungo ambacho kimeshapenya. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ni mtoto anayemaliza kazi, si mwalimu. Akiimudu hatua hiyo anaongezewa inayoitangulia. Kwenda dukani na kurudi na chenji hufundishwa hivyo hivyo, na kila mtoto ana kumbukumbu zake zinazoonyesha amefikia hatua gani. Haya mtu hazaliwi nayo. Anafundishwa chuoni, kisha anasahihishwa kwenye mazoezi ya kufundisha.

Wengine hudhani mhitimu anatoka akijua lugha ya alama, nukta nundu (maandishi ya wasioona, yanayosomwa kwa vidole) na kila kitu. Sivyo. Atagusia yote, lakini hubobea kwenye eneo lake: ulemavu wa kuona, wa kusikia, au wa akili. Kumpeleka mwalimu wa viziwi kwenye kitengo cha wasioona kwa sababu "wote ni elimu maalumu" ni kuwaacha watoto wale bila mwalimu.

Tazama nukta nundu zenyewe. Kila herufi ni mpangilio ndani ya nafasi ya nukta sita. Ukiandika kwa kibao chenye matundu na kalamu ya kutobolea, unatoboa kwa upande wa nyuma wa karatasi, kwa hiyo unaandika kutoka kulia kwenda kushoto na kila herufi umeigeuza. Karatasi ikipinduliwa, vidole vinasoma kushoto kwenda kulia. Mashine ya kuandikia iitwayo Perkins imeondoa usumbufu huo, kwani ina vitufe sita, kimoja kwa kila nukta, na nundu zinatokea upande wa juu. Lakini si kila mtoto ana mashine, na mwalimu lazima ajue njia zote mbili.

Lugha ya alama nayo si ishara za kubuni, wala si moja duniani kote. Ya Tanzania na ya Kenya ni lugha mbili tofauti. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeitaja Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Ina sarufi yake, na sehemu ya sarufi hiyo iko usoni. Mwalimu anayezungumza Kiswahili huku mikono ikifuata neno kwa neno bado hajafundisha kwa lugha ya alama.

Kuna dhana inayonikera kuliko zote: kwamba mtoto mwenye ualbino apelekwe moja kwa moja kwenye nukta nundu. Wengi wao wana uoni hafifu. Wanasoma maandishi ya kawaida yakikuzwa, au wakiyasogeza karibu na macho. Miwani husaidia lakini haimalizi tatizo, maana sehemu ya ndani ya jicho haikukua kikamilifu. Mwalimu aliyefunzwa huchunguza mtoto anasoma kwa umbali gani, herufi za ukubwa gani, na mwanga wa dirisha unampiga kutoka wapi, ndipo apange aketi wapi.

Dhana nyingine ni ya usonji, hali inayoathiri jinsi mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na wengine: hausababishwi na malezi mabaya. Mzazi asilaumiwe.

Na wanaosema hii ni kozi ya waliokosa nafasi kwingine? Chuo Kikuu cha Dodoma hutoa shahada ya elimu maalumu. Nchini Kenya, taasisi ya elimu maalumu, KISE, jijini Nairobi ipo tangu 1986, na wengi waliopitia hapo walikuwa tayari walimu kazini, wakasoma kwa masafa huku wakiendelea kufundisha.

Mwisho, asiyeona anaweza kuwa mwalimu. Wapo, Tanzania na Kenya, na baadhi wanafundisha wanafunzi wanaoona. Wanachohitaji ni vitabu vya nukta nundu kwa wakati na mtu wa kuwasomea madaftari wakati wa kusahihisha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu, na shule nazo ni sehemu za kazi.