Hesabu ya Baran: mtandao imara kwa vifaa dhaifu

Kila ninapowaelekeza vijana wapya kazini namna rauta, vifaa vinavyoelekeza data mtandaoni, zinavyochagua njia, hakosekani mmoja wa kusema kwamba intaneti iliundwa ili ihimili bomu la nyuklia. Si kweli, ingawa si porojo tupu. ARPANET, mtandao uliokuja kuzaa intaneti, ulianzia kwenye shida ya kawaida kabisa: mwaka 1966 Bob Taylor, ofisa wa ARPA, wakala wa utafiti katika Wizara ya Ulinzi ya Marekani, alichoka kuona kila chuo anachokifadhili kikidai kompyuta yake kubwa ya bei mbaya. Alitaka wagawane. Habari za bomu ni za mtu mwingine, miaka michache kabla yake, na ndani yake mna hesabu ninayoipenda kuliko zote katika fani hii.

Paul Baran alizaliwa Grodno, wakati huo ikiwa Poland, akakulia Marekani. Mwaka 1959 aliingia RAND, taasisi ya utafiti huko Santa Monica, California. Swali lililokuwa mezani lilikuwa zito: Wasovieti wakipiga kwanza, amri itawafikiaje wenye makombora? Simu za masafa marefu zilitegemea vituo vikuu vichache. Vikipigwa hivyo, hata vituo visivyoguswa vinabaki havina wa kuongea naye. Tena nchi ikishajua kwamba baada ya pigo la kwanza haitaweza kujibu, inashawishika kuwahi kupiga yenyewe. Wazo la awali lilikuwa kutumia vituo vya redio vya AM vilivyotapakaa nchi nzima, vipokezane ujumbe mfupi. Wanajeshi wakasema haitoshi.

Basi Baran akaligeuza swali kuwa hesabu. Chora vituo vingi, viunganishe, kisha viue kwa kubahatisha: asilimia 10, asilimia 30, nusu nzima. Halafu tazama waliosalia. Kundi kubwa kuliko yote ambalo bado linaweza kuwasiliana ndani kwa ndani lina vituo vingapi? Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake cha kunusurika. Kituo kilicho hai lakini kimetengwa na kundi hilo hakihesabiwi. Kwa kamanda hakina tofauti na kilichokufa.

Sasa ongeza viungo polepole. Kiwango cha 1 ni mnyororo tu. Kiwango cha 2 ni wavu wa miraba, kila kituo kikiwa na majirani wanne. Hapa wengi huteleza, wakadhani kiwango cha 2 ni viungo viwili kwa kila kituo. La. Kiungo kimoja kina ncha mbili, kwa hiyo kinahudumia vituo viwili. Baran alikuwa akigawa idadi ya viungo kwa idadi ya vituo katika wavu usio na mwisho. Kwenye kiwango cha 1 mtandao unasambaratika mapema mno. Kwenye cha 2 unajikongoja. Ukifika 3 au 4, mstari wa grafu karibu unagusa ukomo wa kinadharia, yaani karibu kila kituo kilichosalimika kwenye pigo lenyewe bado kinawapata wenzake. Ukizidisha hapo unachoma fedha.

Nilipoiona grafu hiyo mara ya kwanza niliitazama kwa muda mrefu. Inasema huhitaji swichi, yaani kifaa cha kupokeza mawasiliano, isiyokufa. Chukua vifaa rahisi vinavyoharibika ovyo, visuke vizuri, upate mtandao unaoaminika kuliko kifaa chochote kilichomo. Wahandisi wa simu wa enzi zile walikuwa wamelelewa kinyume chake: kila kifaa kitengenezwe kidumu miongo na miongo.

Tatizo likazaa tatizo. Ukitaka ujumbe uzunguke palipobomoka, lazima ukubali upite vituo vingi, na sauti ya analogi inazidi kuchafuka kila hatua, kwa sababu kikuzaji hukuza mawimbi pamoja na kelele zake. Dijitali haina adha hiyo: kituo kinasoma 0 na 1, kisha kinatuma nakala mpya, safi. Kwa hiyo dijitali kwa Baran halikuwa suala la kupenda mambo mapya. Wavu wake ulimlazimisha, hata sauti ya simu igeuzwe biti, yaani hizo 0 na 1. Data akaikata vipande vya biti 1024, kila kipande kikibeba anwani ya kinakokwenda na kinakotoka.

Nani anavielekeza? Makao makuu hayafai, maana ndiyo yangelengwa kwanza. Baran akaweka kwenye kila kipande namba inayoongezeka kwa 1 kila kinapopokezwa. Tuseme mimi ni kituo. Kipande kutoka A kinaingia kwangu kwa laini ya kaskazini, namba yake 4. Kingine kutoka kwa A yuleyule kinaingia kwa laini ya mashariki, namba 9. Naandika kwenye jedwali langu: vya kwenda kwa A vipite kaskazini, mashariki iwe akiba. Kaskazini ikijaa au ikikatika sisubiri, natupa mashariki papo hapo, kama mtu aliyeshikishwa kiazi cha moto, na ndivyo Baran alivyouita utaratibu huo. Kumbukumbu za zamani zinafifia, za karibuni zinapewa uzito, na jedwali linajirekebisha lenyewe bila kuamrishwa na mtu. Una kasoro moja: unadhani njia nzuri ya kuja ni nzuri pia ya kwenda. Ukibeba dhana hiyo kwenye mitandao ya leo itakuumbua mchana kweupe.

Ripoti zake zilitoka 1964, juzuu 11, wazi kwa yeyote, Wasovieti wakiwemo. Kwa mawazo yake ilikuwa heri nao wawe na mawasiliano yasiyokufa, maana asiyeogopa kunyamazishwa hana haraka ya kupiga. AT&T, kampuni kubwa ya simu ya Marekani, hawakulitaka wazo hilo. Jeshi la Anga lililitaka, lakini kazi ingekwenda kwa watu wasio na utaalamu wa dijitali, na Baran mwenyewe akashauri wasijenge: likijengwa vibaya likaanguka, hakuna angeligusa tena. Wahandisi wangapi wanathubutu kusimamisha mradi wao wenyewe?

Huku Uingereza, mwaka 1965, Donald Davies wa Maabara ya Taifa ya Fizikia, Teddington, alifika palepale bila kumjua Baran. Hakuwaza mabomu. Yeye alikerwa na laini ya simu inayokaa wazi muda wote huku mtumiaji wa kompyuta akituma herufi chache kisha akitafakari. Naye akachagua biti 1024, na neno pakiti, jina la vipande hivyo vya data, ni lake. Oktoba 1967, kwenye kongamano la Gatlinburg, Tennessee, mwenzake Roger Scantlebury aliwasilisha kazi yao, na Larry Roberts, aliyekuwa akibuni ARPANET, akasikia huko habari za Davies na za Baran pia. Roberts alikuwa akiwaza laini za kilobiti 2.4 kwa sekunde. Mtandao ulipojengwa mwaka 1969 ulitumia kilobiti 50.

Grafu ya Baran ina sharti moja ambalo watu huliruka: kila kituo kinakufa kivyake. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, iliharibika siku moja kwenye pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania na majirani kadhaa ikazorota. Kwenye mchoro hizo ni njia mbili, lakini siku hiyo zilikufa kama moja. Kenya nayo iliguswa, ila ilikuwa pia na TEAMS, mkongo unaotoka Mombasa kwenda Fujairah, mbali na huko kusini.

Nchi kavu mambo ni yaleyale. Mteja akiniambia ana laini mbili za kampuni mbili tofauti, sitazami mikataba, naomba ramani ya mitaro. Nikikuta nyaya zote zimelala kwenye mtaro mmoja kutoka ofisini hadi barabara kuu, kwenye hesabu yangu naandika laini moja.