Kabla ya Kutia Saini: Uongozi wa Vituo vya Utafiti wa Biashara ya Kimataifa

Mwaka 1988 Bunge la Marekani, likihofia nchi kupitwa na washindani wake katika masoko ya nje, lilipitisha sheria iliyofungua njia ya ruzuku kwa vituo vya elimu na utafiti wa biashara ya kimataifa ndani ya vyuo vikuu. Mkuu wa kitivo anayekusudia kuanzisha kituo cha namna hiyo atafaidika zaidi na masharti ya ruzuku hiyo kuliko kiasi chake. Serikali ilijiwekea kikomo cha kugharimia asilimia 90 katika mwaka wa kwanza, 70 katika mwaka wa pili, na 50 kuanzia mwaka wa tatu. Kilichosalia chuo kilitakiwa kukitafuta chenyewe. Aidha, kila kituo kilipaswa kuwa na baraza la ushauri linalokutanisha uongozi wa chuo, walimu wa biashara, walimu wa lugha au masomo ya kimataifa, na wafanyabiashara.

Kuwaweka watu hao meza moja ni kazi isiyo na mbwembwe. Mwalimu wa lugha anayeombwa kufundisha kozi ya pamoja na mwalimu wa masoko atauliza, tena kwa haki, kama saa hizo zitahesabiwa katika mzigo wake wa kazi na katika kupandishwa cheo. Kiongozi asipokuwa na jibu lililoandikwa, kituo kitaendeshwa kwa hisani ya wachache, nao wakihama kitabaki jina mlangoni.

Ushirikiano na vyuo vya nje nao huponzwa na mambo madogo. Hati ya makubaliano hutiwa saini mbele ya kamera, kisha mwanafunzi wa kwanza anarudi na matokeo ya muhula mmoja, na msajili hana jedwali la kulinganisha madaraja ya vyuo hivyo viwili. Watafiti wamewahoji mameneja wa kampuni katika nchi mbili, lakini hakuna aliyeamua data zitunzwe wapi, nani aruhusiwe kuzitumia, wala jina la nani litangulie kwenye makala. Maswali hayo yakijibiwa kabla ya saini huchukua vikao vichache. Yakiachwa, huvunja urafiki wa miaka.

Shule ya biashara ya CEIBS ya Shanghai, iliyoanzishwa mwaka 1994 kwa makubaliano ya serikali ya China na Tume ya Ulaya, iliuingiza ushirikiano katika muundo wenyewe: uongozi wa juu hugawanywa kati ya pande mbili. Mpangilio huo huchelewesha baadhi ya maamuzi, lakini hakuna upande unaoweza kudai kwamba haukushirikishwa.

Kisha kuna suala la ruzuku kukatika. Baada ya bajeti ya Marekani kupunguzwa mwaka 2011, vituo vilivyofadhiliwa vilishuka kutoka zaidi ya 30 hadi 17 katika awamu iliyoanza mwaka 2014. Kwa hiyo mkurugenzi makini hukaa na ofisa fedha wa chuo mwaka wa kwanza, fedha zikiwa bado nyingi, na kukubaliana ni nafasi zipi za kazi zitahamia kwenye bajeti ya kawaida na lini.