Namtar ni kitu gani, na Michael Aris alizisomaje

Ukianza kusoma historia ya Bhutan, Tibet, Sikkim, zile nchi za milima ya Himalaya, haupiti muda unakutana na neno namtar, na wengi wanaliruka wakidhani ni hadithi za dini tu. Namtar ni kitabu cha maisha ya mtu mtakatifu, lama (mwalimu wa dini ya Buddha) au mtawa mkubwa, kimeandikwa na wanafunzi wake au mara nyingine na yeye mwenyewe, na lengo lake ni kuonyesha alivyofikia ukombozi wa kiroho ili msomaji naye apate njia. Kwa hiyo ndani utakuta ndoto, unabii, miujiza, mtu anaongea na miungu. Lakini humohumo kuna majina ya mabonde, nani aligombana na nani, nani alileta zawadi gani, vita ilianzia wapi na kwa sababu ipi. Kwa Bhutan hilo ni jambo kubwa sana, maana ngome zao ndizo zilikuwa ofisi za serikali na ndizo zilitunza maandishi, na zimejengwa kwa mbao nyingi, ngome ya Punakha imeungua mara kadhaa, halafu likaja tetemeko la ardhi la 1897. Ukizitupa namtar eti kwa sababu zina miujiza, unabaki na vitu vichache mno.

Mtu aliyelielewa hili mapema ni Michael Aris, mwanahistoria Mwingereza. Alizaliwa Havana, Kuba, tarehe 27 Machi 1946, baba Mwingereza, mama Mkanada wa upande wa Kifaransa, akasoma historia chuo kikuu cha Durham na alipomaliza 1967 akaenda moja kwa moja Bhutan kuwa mwalimu wa watoto wa familia ya kifalme. Fikiria Bhutan ya wakati ule, barabara ya magari imeingia juzijuzi miaka ya 60 na kwenye Umoja wa Mataifa nchi hiyo ilijiunga 1971. Akakaa kama miaka 6, akajifunza lugha mpaka akawa anaongoza idara ya tafsiri ya serikali, na hapo ndipo akaanza kuingia kwenye maandishi ya zamani. Akarudi Uingereza, akachukua PhD chuo kikuu cha London 1978, mwaka uliofuata akatoa kitabu cha historia ya mwanzo ya Bhutan, halafu maisha yake mengine ya kazi yakawa Oxford.

Sasa alizisomaje? Hakuzimeza na hakuzidharau. Anauliza namtar hii iliandikwa lini, na nani, na mwandishi alikuwa na sababu gani ya kusema hivi. Mfano mzuri ni Zhabdrung Ngawang Namgyal, lama aliyekimbia Tibet 1616 akaja kuunganisha mabonde ya Bhutan yakawa nchi moja, akajenga ngome ya Simtokha 1629 na ya Punakha 1637. Alifariki 1651 akiwa amejifungia kwenye ibada Punakha, na wakuu wake wakaficha kifo hicho kwa zaidi ya miaka 50! Rasmi bado alikuwa kwenye ibada, amri zinatoka kwa jina lake, na namtar yake iliandikwa wakati huohuo watu wanaambiwa yupo hai. Ukijua hilo unaanza kuisoma tofauti kabisa, unaona kitabu cha dini kinachofanya pia kazi ya serikali, nchi bado changa, Tibet imeshavamia mara kadhaa, mrithi wa kueleweka hakuna. Aris pia aliweka ushahidi wa nje pembeni ya ule wa ndani, kwa mfano barua ya padri Mreno Estêvão Cacella aliyefika kwa Zhabdrung 1627 na mwenzake João Cabral na kuandika alichokiona kwa macho yake.

Kilichomletea maneno zaidi ni Pema Lingpa (1450-1521), wa Bumthang huko Bhutan, aliyelelewa kwenye kazi ya uhunzi. Huyu ni mgunduzi wa hazina, yaani maandiko na vitu vinavyoaminika vilifichwa karne ya 8 na mtakatifu Padmasambhava vije kufunuliwa wakati wake ukifika. Inasimuliwa alizama kwenye maji ya Mebartsho na taa mkononi mbele ya watu akatoka na hazina na taa bado inawaka. Aris katika kitabu chake cha 1988 aliandika wazi kuwa yeye haamini hazina zile zilitoka karne ya 8, aliuona mkono wa Pema Lingpa mwenyewe humo. Kumbuka familia ya kifalme ya Bhutan inajihesabu uzao wa Pema Lingpa, familia ileile ambayo Aris alifundisha watoto wake. Bhutan wapo waliokereka na naelewa kabisa kwa nini, huyu kwao si mada ya semina, ni mtu wanayemwomba na ngoma zake za ibada zinachezwa hadi leo.

Ila mimi naona Aris alikuwa na haki ya kuuliza, na sababu imo ndani ya namtar yenyewe. Pema Lingpa aliandika maisha yake mwenyewe, na hakuficha kwamba wapo waliomwita mwongo usoni, hata ile taa ya Mebartsho ilikuwa jibu kwa wenye mashaka. Kwa hiyo shaka haikuletwa na mzungu kutoka Oxford, ilikuwepo Bumthang karne ya 15 na mhusika mwenyewe ndiye aliyeitunza kwenye maandishi. Anayesema namtar ni sifa tupu hajazisoma.

Wengi wanamjua Aris kama mume wa Aung San Suu Kyi, mwanasiasa wa Burma, tu, walioana 1 Januari 1972. Mama yake Suu Kyi aliugua, Suu Kyi akaenda Burma 1988 kumuuguza, mambo ya siasa yakaanza, akafungiwa nyumbani 1989, na Aris akabaki Oxford na watoto wawili wa kiume huku akiendelea kuandika, 1994 akatoa The Raven Crown kuhusu jinsi ufalme wa Bhutan ulivyotokea hadi mfalme wa kwanza Ugyen Wangchuck kutawazwa Punakha tarehe 17 Desemba 1907. Mara ya mwisho kuonana na mkewe ilikuwa Krismasi ya 1995. Alipopata kansa ya tezi dume utawala wa kijeshi ulimnyima viza, akafariki 27 Machi 1999, siku aliyotimiza miaka 53.

Kama unataka kuanza kusoma, anza na hicho cha 1994, kina picha nyingi za zamani na hakichoshi. Halafu kiweke pamoja na historia ya Bhutan ya Karma Phuntsho ya 2013, Mbhutan aliyesomea monasteri kwanza kisha Oxford, linganisha wanavyomweleza Pema Lingpa, maandishi wanayotumia kwa sehemu kubwa ni yaleyale.