JIT ni mfasiri, mkalimani ni mwingine

Jana tena nimemsikia mtu anamfundisha mwenzake Java, lugha ya kuandikia programu, anamwambia JIT (just in time, kile kifaa cha ndani kinachogeuza kodi programu ikiwa inakimbia) ni intapreta yenye spidi. Hapana jamani, hapo panapotosha.

Kwa kifupi, programu ya Java ukishaikompaili inakuwa baitikodi, lugha ya katikati ambayo prosesa haiijui, halafu programu ikiwa inakimbia JIT inachukua vipande vya hiyo baitikodi inavigeuza kuwa maagizo ya prosesa iliyopo kwenye mashine yako, inayaweka kwenye memori na kuanzia hapo yanatumika hayohayo.

Shida ni hili neno kutafsiri, tunalibebesha kazi mbili wakati Kiswahili kina mkalimani na kina mfasiri. Mkalimani anasimama pembeni ya mgeni mkutanoni, mgeni akirudia sentensi mara mia naye anarudia mara mia, na hakuna kinachobaki. Mfasiri anakuachia karatasi. Intapreta, inayosoma agizo moja moja la baitikodi na kulitekeleza papo hapo bila kuhifadhi kitu, ndo mkalimani. JIT ni mfasiri, ila huyu anafanya kazi mkutano ukiwa unaendelea.

Chukua fanksheni ya kujumlisha namba mbili, baitikodi yake ni baiti 4 tu, 1a 1b 60 ac, yaani leta ya kwanza, leta ya pili, jumlisha, rudisha. Mkalimani anazipitia zote 4 kila fanksheni ikiitwa. HotSpot, mashine ya Java (programu inayoendesha baitikodi) iliyotoka 1999, inamwacha mkalimani aanze huku yenyewe inahesabu fanksheni imeitwa mara ngapi, na kwenye toleo la seva la zamani kikomo kilikuwa mara 10,000, ikifika hapo ndo mfasiri anaitwa, na kule kujumlisha kunabaki agizo moja la prosesa. Kipande kilichoitwa mara moja kinaweza kumaliza maisha yake bila mfasiri kukigusa.

Na .NET, mfumo wa Microsoft wa kuendeshea programu, kwa kawaida haina mkalimani kabisa, kila methodi inageuzwa inapoitwa mara ya kwanza, sasa hapo utasema JIT ni intapreta ipi?

Hata jina "just in time" limetoka viwandani, Toyota kule Japani, kipuri kifike fundi anapokihitaji, kisirundikane stoo. Linasema kazi inafanyika lini, spidi halijaitaja.

Kwa hiyo ukimfundisha mwenzako mwambie tu, mashine ya Java ina mkalimani na ina mfasiri, JIT ni huyo wa pili.