"Fundi nilainishie triga": dhana potofu za bastola ya kwanza

Wiki hii peke yake huyu ni mteja wa tatu. Anaingia, anaweka bastola mezani, ya bei ya chini, mpya, haijamaliza hata risasi mia, na mi sijamaliza kuhakikisha chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa) iko tupu ye ashaanza: fundi nilainishie triga (kifyatulio), nataka niwe napiga katikati. Mdomo umechoka jamani, acha niandike.

Triga nyepesi haikufanyi upige vizuri. Bastola yako hiyohiyo unayoidharau ukiibana kwenye jiliwa ikatulia, itaweka risasi zake karibukaribu kuliko wewe unavyoweza, kwa hiyo tatizo halijakaa kwenye chuma, limekaa mkononi. Kuna mmoja alibisha sana, bunduki yake "inapiga chini kushoto", anatumia mkono wa kulia (nikisikia hivyo tu tayari najua ugonjwa). Tukaenda uwanja wa shabaha, nikamwambia magazini (kile kibebeo cha risasi) nakupakilia mimi na humo ndani nimechanganya risasi mbili za bandia, sikuambii ziko wapi. Ya kwanza ikalia, ya pili ikalia, ya tatu kimya, na mtutu ukazama chini kushoto kama mtu anachota maji kisimani. Akabaki anaitazama bastola, afu akacheka mwenyewe. Hajapata mlio, hajapata teke, lakini kiganja chote kishabana kuusubiri. Sa hapo mi nilainishe nini?

Triga nyingi za kiwandani kwenye bastola za siku hizi zinavutwa kwa kama kilo 2.5 hivi, nyingine zaidi. Mtu anakuja anataka kilo moja, kisa kaona video. Kuishusha fundi ana njia chache tu, anachezea springi au anapunguza pale sia (kipande kinachoizuia nyundo mpaka uvute triga) inaposhikana na nyundo, yaani sehemu ndogo sana ya chuma ambayo ndo inazuia kitu kisilipuke mfukoni kwako. Na kwenye bastola za bei nafuu vipuri hivyo mara nyingi vimekomazwa juujuu tu, ngozi nyembamba, ndani laini, ukipitisha tupa ukaitoboa ile ngozi basi siku ya kwanza triga tamu kama asali, baada ya muda chuma laini kinalika na nyundo haishikwi tena. Nishaletewa moja ya hivyo, ilishapitia kwa fundi mwingine, nikaijaribu ikiwa tupu, naachia slaidi (kile kipande cha juu kinachokwenda nyuma na mbele) irudi mbele na nyundo inaifuata hapohapo bila kidole kugusa triga. Ingekuwa na risasi ingeweza kujipiga yenyewe. Mwenyewe alikuwa anatembea nayo kiunoni! Na ukikata nguvu ya springi ya nyundo kupita kiasi unapata shida ya upande wa pili, pini inagusa fataki (kile kiwashio kwenye kitako cha risasi) inaacha kidoti tu, risasi haiwaki.

Dawa yangu ni ileile kila siku na najua inawaboa. Risasi zote peleka chumba kingine, kagua chemba mara mbili, elekeza sehemu salama, weka sarafu juu ya saiti (kilengeo) ya mbele, vuta triga taratibu sarafu isianguke. Dakika kumi kila siku. Bastola nyingi za kisasa za 9mm hazidhuriki kwa mazoezi hayo, ila kama yako ni .22 tumia risasi za bandia maana pini inaweza kugonga ukingo wa chemba ikauharibu. Na hela uliyotaka kunipa mimi nunulia risasi, ukishapiga mia kadhaa triga yenyewe itakuwa imejisugua ikalainika bure, afu ndo uje tuongee kama bado una hamu.

Wengine wanasema inakwama, ning'arishie njia ya kupandia risasi. Jaribu magazini nyingine kwanza! Midomo yake ikipinda kidogo au springi ikichoka itakwama tu, au wewe umeishika legelege slaidi haimalizi safari yake. Kung'arisha ni sawa, ila fundi akianza kubadili pembe pale chini ya chemba ganda linabaki halina pa kuegemea, na 9mm presha yake inaruhusiwa hadi baa 2,350, hilo ganda likipasuka linapasukia mkononi mwako.

Mtutu wa mashindano? Kwa mita kumi huwezi kuuona utofauti wake, next.

Kuna wanaoamini fundi mzuri anageuza bastola ya bei chee iwe ya bei mbaya. Kama imetengenezwa kwa zamaki, ile aloi ya zinki, inayeyuka hata nyuzi 400 hazijafika, sichomelei na sikati slaidi yake kuweka taa za kulengea, bei ya kazi itapita bei ya bastola na bado ni zamaki. Wale wa kuchoma kitako cha plastiki na pasi ya kulehemu kiwe na mikwaruzo, fanyeni mkijua plastiki hairudi na waranti imekwenda.

Kazi ninayoipenda kwa bastola ya kwanza ni saiti, na hapo watu wanazijua kinyume. Risasi zikienda chini saiti ya mbele inatakiwa ishuke, sio ipande. Zikienda kushoto ya nyuma isogee kulia. Lakini nitaigusa baada ya mtu mwingine anayejua kupiga kuijaribu, maana zikimwendea katikati yeye, turudi kwenye sarafu.

Na leseni ya kumiliki sio ruhusa ya kubadilisha chochote, nchi nyingi mtutu unahesabika kama silaha yenyewe, una namba na karatasi zake, ukibadili bila kuandikisha ni kesi yako na yangu. Kwa hiyo ukija njoo na karatasi, njoo na magazini zako zote hata ile unayosema mbovu (hiyo hasa), na risasi unazopigia ziwe kwenye boksi lake, sio ndani ya bastola.